Barabara Imdanganyayo Dereva

Wakulima wenzangu,

Iko methali ambayo watu huisema kila wanaporudi kuzika: "Ajali haina kinga." Nimeisikia mara nyingi, na mimi mwenyewe nimeisema. Lakini mwezi huu nataka kuipinga, na nawaomba mnisome mpaka mwisho, maana mwishoni nitawaomba mfanye jambo ambalo wengi wenu hamlipendi.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Kabla ya ukarani nilisomea ualimu, na mazoea ya ualimu hayamtoki mtu upesi. Mwalimu akiona mtoto mmoja amekosa hesabu, humwambia ajaribu tena. Lakini akiona watoto thelathini wote wamekosa hesabu ile ile, hana budi kugeuka na kutazama kama swali lenyewe liliandikwa sawasawa ubaoni.

Basi na barabara ni vivyo hivyo. Dereva mmoja akipinduka mahali fulani, twaweza kusema alikuwa amelewa, au alisinzia, au siku yake ilikuwa imefika. Lakini madereva kumi wasiojuana, wenye magari mbalimbali, wakipinduka mahali pale pale mwaka baada ya mwaka, hatuwezi kusema ni ulevi tu. Kwa nini ulevi huo uwangoje wote penye kona moja? Wako wasemao kwamba mahali kama hapo pana laana, au pana mapepo yatakayo damu. Mimi sisemi hivyo. Mimi nasema barabara hiyo humdanganya dereva.

Nieleze maana ya neno hili. Barabara mbaya ya matope haimdanganyi mtu. Njia zetu za mashambani, ninyi wenyewe mwazijua wakati wa mvua ndefu. Dereva huliona shimo kwa macho yake, huingiza gia ya kwanza, huenda polepole huku akinung'unika. Gari hukwama, maziwa huchacha, nasi twapata hasara; lakini ni mara chache mtu kufa. Barabara iuayo ni ile imwambiayo dereva, "Njoo upesi, hapa hapana kitu," hali kitu kipo.

MTEREMKO USIOONEKANA

Tuchukue mfano ambao wengi wenu mwaujua, yaani barabara kuu itokayo Eldoret kuja Nakuru. Mau Summit iko juu, zaidi ya mita 2,400 toka usawa wa bahari. Nakuru iko karibu mita 1,850. Katikati yake pana Sachangwan, Migaa na Salgaa. Malori ya mizigo yatokayo Mombasa kwenda Uganda na nchi za mbele hupita hapo, na hurudi hapo hapo.

Mtu apitaye mara ya kwanza hutafuta mteremko wa kutisha, asiuone. Mteremko upo, lakini ni mrefu na wa polepole, na lami ni nzuri. Macho ya dereva humwambia kwamba nchi ni karibu tambarare. Lakini lori lenye uzito wa tani 40 halidanganyiki. Likianza kuteremka huzidi kujisukuma lenyewe, kidogo kidogo, mpaka dereva atakapostuka kwamba mwendo umempita.

Sasa tujifunze habari ya breki. Breki haiondoi mwendo bure. Huugeuza kuwa joto. Sugua viganja vyako kwa nguvu utaona. Breki za lori zikikanyagwa muda mrefu bila kupumzika hupata moto mno, na zikipata moto mno hazishiki tena. Dereva hukanyaga, lakini gari haliitiki. Kwa sababu hiyo madereva wa zamani walikuwa na kanuni moja: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Gia ndogo huifanya injini yenyewe kulizuia gari, na breki hubaki baridi mpaka wakati wa haja.

Mwaka fulani niliteremka hapo katika lori lililobeba mbegu za viazi. Dereva alikuwa mzee wa makamo. Tulipofika juu alisimamisha gari, akashuka, akazunguka akitazama magurudumu, akapanda tena na kuingiza gia ndogo. Tukatambaa. Magari mengine yalitupigia honi mpaka nikaona haya. Nikamwuliza, "Mzee, mbona tunakwenda kama watu wa mazishi?" Akanijibu bila kugeuza uso, "Mwanangu, afadhali twende kama watu wa mazishi kuliko kupelekwa na watu wa mazishi." Sikuuliza tena.

Lakini wako wafanyao kinyume. Hutoa gia kabisa na kuliacha lori literemke lenyewe, wakidhani kwamba wanaokoa dizeli. Hilo ni kosa mara mbili. Kwanza, injini hailizuii gari tena, na kazi yote inaiangukia breki. Pili, hakuna dizeli inayookolewa. Gari likiteremka na gia imeingia, na mguu umeondolewa kwenye mafuta, injini haihitaji dizeli, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Gia ikitolewa, injini hulazimika kunywa kidogo ili isizime. Mtu huyo anahatarisha roho za watu kwa faida isiyokuwapo.

Tena kuna upande wa pili wa barabara hiyo. Malori yenye mizigo hupanda polepole sana, na mwenye gari dogo aliye nyuma hukosa subira. Hutoka kupita, akakutana uso kwa uso na yule anayeshuka kwa kasi. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori yaligongana huko Migaa, wakafa watu 36. Baadaye Serikali ilijenga kizuizi katikati ya barabara sehemu hizo, ili wapandao na washukao wasikutane tena.

Fikirini habari ya kizuizi hicho. Hakimfundishi dereva adabu. Hakimzuii kulewa wala kusinzia. Kazi yake ni kulizuia kosa la mmoja lisimfikie mwenzake. Basi hiyo ni nini, kama si kinga? Methali yetu imekwisha kupata jibu la kwanza.

BARABARA NZURI MNO

Mtu aweza kusema, "Basi tuondoleeni milima, tupeni barabara pana na nyofu, nasi tutakuwa salama." Si hivyo. Barabara ya Nairobi kwenda Thika ilifunguliwa mwaka 2012 ikiwa pana kuliko zote tulizokuwa tumeziona Kenya. Magari yakakimbia. Lakini watu wanaoishi upande huu na kufanya kazi upande ule waliendelea kuivuka kwa miguu kama walivyozoea kuivuka ile ya zamani, na wengi walikufa. Barabara ilimwambia dereva kwamba hapa ni mahali pa magari tu, hali palikuwa na watu.

Tufanye hesabu ndogo, ya darasa la sita tu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa huenda mita 80,000 katika sekunde 3,600. Gawanya, utapata mita 22 kwa kila sekunde moja. Dereva akiona mtoto barabarani, kwa kawaida hupita sekunde nzima kabla mguu wake haujafika kwenye breki na kuikanyaga. Katika sekunde hiyo gari limekwisha kwenda mita 22, na breki haijaanza kazi.

Tena jueni hili: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga haizidi mara mbili, bali mara nne. Gari la kilomita 100 kwa saa hugonga kwa nguvu mara nne ya lile la kilomita 50. Ndiyo sababu sheria imeweka kilomita 50 kwa saa mjini, na kilomita 80 kwa malori na magari ya abiria katika njia kuu. Hesabu hiyo haina huruma kwa mtu hodari wala kwa mzembe.

JAMBO LISILOTAZAMIWA

Udanganyifu wa tatu ni kitu kinachotokea ghafula. Daraja la Nithi, katika barabara ya Meru kuja Nairobi, liko chini ya mteremko mrefu wenye kona. Dereva akifika chini na kasi aliyotoka nayo juu, daraja humjia kabla hajawa tayari. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia hapo bondeni, na watu zaidi ya 30 wakafa.

Hata matuta, ambayo huwekwa ili kuokoa watu, yaweza kuua yasipotangazwa. Tarehe 10 Desemba 2016, huko Karai karibu na Naivasha, lori lililobeba shehena iwakayo upesi lilishindwa kusimama, likagonga magari mengine na kulipuka. Watu wapatao 40 walikufa. Baada ya msiba huo wengi waliyalaumu matuta yaliyokuwapo hapo, kwamba hayakuwa na alama za kutosha. Tuta lenye rangi na kibao ni onyo. Tuta lisilo na alama ni mtego.

Na hapo, wakulima, hatuwezi kuinyoshea kidole Serikali peke yake. Nani avunjaye vibao vya barabara na kuviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu? Si madereva wa Uganda. Nani aendaye na mkokoteni wa punda saa mbili usiku bila kibao king'aacho wala taa? Nani avutaye tela la trekta lililojaa nyasi, taa za nyuma zimefunikwa au hazipo? Gari la mizigo likiharibika, dereva huweka matawi na mawe barabarani ili kuwaonya wengine, na likishatengenezwa huenda zake, mawe yakabaki pale pale. Ni wangapi kati yetu tuliopita tukayaona mawe hayo, tukaendelea na safari? Dereva ajaye usiku, katika ukungu wa nchi zetu za juu, anaambiwa na barabara kwamba hapana kitu. Sisi ndio tuliokiweka kitu hicho.

PALIPO NA WATU

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Tarehe 30 Juni 2023, jioni, lori lenye kontena lilishindwa kusimama kwenye njia panda ya Londiani, katika barabara ya Nakuru kwenda Kericho. Likawaendea watu waliokuwa kando ya barabara wakiuza bidhaa zao, na wengine wakingoja matatu. Zaidi ya watu 50 walikufa. Hawakuwa madereva. Hawakufanya kosa lolote la mwendo. Walikuwa watu kama sisi, wenye vikapu na magunia.

Lori hilo lingeacha barabara mahali pasipo na watu, lingeharibu ua na mahindi ya mtu. Hatari ilitokana na mambo mawili kukutana: gari lisilozuilika, na umati wa watu mahali ambapo gari kama hilo hupita. Katika Kenya, toka mwaka 2021 mpaka 2024, watu zaidi ya 4,000 walikufa barabarani kila mwaka, na kundi lililo kubwa kuliko mengine yote ni la waendao kwa miguu. Kwa hiyo habari ya barabara za hatari si habari ya wenye magari peke yao.

Wala tusisahau tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan. Lori la tangi la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuteka mafuta kwa madebe, moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Ajali yenyewe haikuwa na haja ya kuua umati ule. Umati ndio ulioifuata.

SOKO LETU

Ninyi mlio katika mashamba ya makazi, ikiwa ni Nyandarua, Molo, Lugari au Muhoroni, nadhani mnalo soko kama letu. Letu liko mahali ambapo barabara ya mashambani huingia katika barabara kuu, chini ya mteremko. Hapo huuzwa viazi, kabichi, karoti na mayai. Halmashauri ya chama cha ushirika ilitafuta kiwanja nyuma, hatua mia mbili toka lami, na kututaka tuhamie huko. Mkutano ukaitwa. Mimi ndimi niliyeandika kumbukumbu.

Karibu wote walikataa. Walisema mnunuzi hawezi kuacha barabara kuu kufuata gunia la viazi. Walisema mwenye motokaa hununua kile akionacho dirishani. Na mimi, kwa kuwa mama yangu mdogo huuza kabichi hapo na ndiye aliyenilipia karo, niliandika maneno hayo kwa furaha.

Halafu, Jumamosi moja alasiri, lori la mchanga lilikosa breki. Likaacha lami, likapita katikati ya magunia, likavunja vibanda viwili na kusimama katika shamba la ngano. Hakufa mtu. Kwa nini? Kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha kwa nguvu dakika chache kabla, na wauzaji wote walikuwa wamejibanza katika hoteli ya chai ng'ambo ya barabara. Watu walisema Mungu ni mkubwa, na ni kweli. Lakini kiti cha mama yangu mdogo nilikiokota mwenyewe. Kilikuwa vipande vinne.

Siku ya pili nilirudi hapo peke yangu, nikapima toka ukingo wa lami mpaka palipokuwa pamekaa kiti hicho. Nilipata mita tatu. Mkumbuke hesabu yetu: gari la kilomita 80 kwa saa huenda mita 22 kwa sekunde moja. Mita tatu ni kupepesa jicho. Hakuna mama awezaye kusimama, kumshika mtoto na kukimbia katika muda huo. Kiwanja tulichokikataa kiko hatua mia mbili.

Sasa nirudie lile neno la mnunuzi, maana si neno la kipumbavu. Ni kweli kwamba mnunuzi husimama alipo muuzaji wa karibu. Lakini mwenye lori la kununua magunia hamsini hafuati lami. Hufuata viazi, nasi tumemwona akija mpaka shambani kwenye matope viazi vinapoadimika Nairobi. Shida ni yule mnunuzi mdogo wa motokaa. Yeye atasimama kwa muuzaji mmoja aliyebaki barabarani, na yule mmoja atapata faida, na wengine watamwona, na baada ya wiki mbili wote watakuwa wamerudi. Basi shauri langu ni hili: tukihama, tuhame wote siku moja. Akibaki mmoja, tumebaki wote.

Pamoja na hayo, tuweke kibao kikubwa kilichoandikwa VIAZI NA MBOGA, kabla ya njia panda kwa pande zote mbili, kwa ruhusa ya wenye kusimamia barabara. Tutengeneze mahali papana pa kuingilia, penye changarawe, ili mwenye motokaa asiogope matope. Vijana wa boda boda nao wahame pamoja nasi, maana kwenye pikipiki ndipo watu husimama. Kazi ya changarawe ni ya siku mbili kwa matrekta ya chama. Na Serikali tuidai upande wake: alama za kuonya juu ya mteremko, kizuizi cha pembeni, na mahali malori yanapoweza kusimama kupoza breki kabla ya kushuka. Lakini tukiidai hali tumekaa mita tatu toka lami, nani atatusikia?

Nyumbani, kila mmoja aweza kuanza leo bila mkutano. Mkokoteni na tela zipate vibao ving'aavyo. Ng'ombe wavushwe mchana, na mtu mbele na mtu nyuma. Nafaka isianikwe juu ya lami. Jiwe lililoachwa barabarani liondolewe na yule aliyeliona kwanza. Tangi la mafuta likipinduka, watu waende mbali, wala wasiende na debe.

Mama yangu mdogo bado hajakubali. Juzi aliniambia, "Wewe una mshahara, mimi nina kabichi." Sikuweza kumjibu upesi, maana ni kweli. Lakini alinunua kiti kipya, akakiweka pale pale penye alama za magurudumu, na kila Jumamosi nikiwa ofisini nikisikia lori likiteremka kwa kishindo, kalamu yangu husimama mpaka lipite.

Ajali moja huenda haina kinga. Ajali ya kumi mahali pale pale ina kinga, na kinga hiyo ni hatua mia mbili tu. Mkutano mwingine utakuwa Jumamosi ya malipo ya maziwa. Safari hii sitaandika kumbukumbu tu, nitanyosha mkono.

Ni mimi mwenzenu,
Karani wa Ofisi ya Kilimo